Siku Soja Alipowaacha Kumbikumbi

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinaweza kumshangaza, na nasema hivyo bila kuona haya. Nilitoka Kiritiri na viatu vya kuazima, kimoja kinabana na kingine kinatoka, nikaingia Meru bila kujua mtu hata mmoja. Leo simama pale Makutano uulize yadi ya mbao na mabati ya yule mzee wa lori za buluu, hata mtoto wa shule atakuelekeza. Shule mimi niliiachia darasa la sita. Nimeajiri watu wenye digrii, na wakiniletea hesabu zao wananikuta nimeshamaliza yangu kichwani. Nimeona moto ukila stoo yangu nzima. Nimeona mtu tuliyekuwa tunashika naye kitabu kimoja cha nyimbo kanisani akinigeuka mbele ya chifu. Moyo haukuruka. Hata tulipomzika Baba juzi juzi nilisimama wima kama nguzo ya stima. Mahema yalikuwa yangu, ng'ombe alikuwa wangu, jeneza lilikuwa la mbao ngumu kutoka kwa yadi yangu mwenyewe. Watu walilia. Mimi nilikuwa naangalia kama chakula kitawafikia wa nyuma.

Halafu mbwa akanishangaza.

Baada ya mazishi dada yangu Njeri, ambaye ndiye alibaki nyumbani na Baba, aliniletea mbwa wa mzee kwa pikapu. Mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limekunjika, macho hayakai mahali. "Huyu hana pa kwenda," Njeri akasema. "Mimi nina kuku. Na anaitwa Soja, usijisumbue kumtafutia jina. Wote wa Baba waliitwa Soja, kuanzia yule wako." Akanipa kamba aliyokuwa amefungiwa. Ilikuwa kamba ya katani, nyeusi, ngumu, imelainika pale tu mkono unaposhika. Niliileta karibu na pua bila sababu yoyote, ikanuka moshi na nta ya nyuki. Nilisimama pale katikati ya yadi na kamba puani kama mtu aliyesahau jina lake.

Basi wewe wa rika langu, uliyechunga mbuzi kabla ya kujua kusoma, kaa nikueleze habari ya hiyo kamba.

Kwetu ni chini ya Kiritiri, mahali ambapo mawe ni mengi kuliko udongo na mvua ikija inakuja kama mgeni mwenye haraka. Tulipanda mtama na ndengu, lakini nyumba ilisimama juu ya mbuzi. Karo ilikuwa mbuzi, sukari ilikuwa mbuzi, daktari alikuwa mbuzi. Na malisho yetu yalipakana na shamba la muguka la Mama Ireri. Kwa asiyeijua, muguka ni majani machanga ambayo watu wa kwetu hutafuna ili usingizi uwakimbie. Huyo mama alikuwa mjane, na shamba lake lile dogo ndilo lililokuwa linamvalisha na kumlisha. Kati yetu na yeye kulikuwa na ua wa matawi ya miiba, na kwenye ua kulikuwa na mwanya mmoja, njia ya kwenda kuteka maji. Hapo kwenye mwanya ndipo palikuwa kazini kwa Soja, yule wangu wa kwanza. Alitakiwa kulala pale tu. Mbuzi wakimwona, wasipite.

Lakini Soja alikuwa mbwa wa habari. Panzi akiruka, alitaka kujua anaenda wapi. Mjusi akipanda jiwe, alimpandia. Kulikuwa na ndege mmoja mwenye mdomo mkubwa mwekundu aliyekuwa akitua kila asubuhi kwenye mgunga, na Soja alikuwa anakaa chini yake akimtazama kama muumini. Ukimwita, sikio moja linakuja, mbwa mwenyewe habanduki.

Siku moja, wakati wa kiangazi, mbuzi wakapita. Wote. Nilijua hivyo niliposikia sauti ya Mama Ireri uani kwetu.

"Baba Njeri! Toka nje uone!"

Baba akatoka, akiwa bado na kisu cha kuchongea mzinga mkononi. Alikuwa mtu wa nyuki, na watu wa nyuki hawapendi kelele. "Kuna nini, Mama Ireri?"

"Kuna mbuzi zako. Zimekula muguka yangu mstari wote wa juu. Hata kichipukizi cha kuweka mdomoni hakuna."

"Mbuzi zangu zina mchungaji."

"Mchungaji wako nimemwona kwa macho yangu. Amelala kifudifudi anaangalia siafu wakihama. Na askari wake anafukuza kipepeo."

Njeri, aliyekuwa anapepeta ndengu, akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Cheka," Mama Ireri akamwambia, akiwa anaondoka. "Leo mtakesha wote. Hizo mbuzi hazitalala."

Na kweli hazikulala. Zilipiga kelele kutoka giza lilipoingia mpaka jogoo akachanganyikiwa. Beberu aligonga mlango wa zizi kama mtu anayedai haki yake. Asubuhi zilikuwa zimesimama zote, macho makavu, zinatuangalia kama sisi ndio tuliokosa.

Baba alimpa Mama Ireri mwanambuzi mweupe, yule niliyekuwa nimemchagua kuwa wangu, na hakusema neno mpaka mjane amefika mbali naye. Ndipo akaniambia, bila kunitazama, "Mvua ikija, ile muguka itachipuka. Kabla hiyo siku ifike, hii kitu itatulia ama nitajua la kufanya." Kitu alichoonyesha kwa kidevu kilikuwa kinajaribu kuuma kivuli cha kuku.

Jioni ileile akaketi karibu na jiko, akachukua nyuzi za katani, akaanza kusokota kamba juu ya paja lake.

"Hiyo ni ya nini?" nikamwuliza Njeri pembeni.

Njeri alikuwa na umri wa kujua kila kitu. "Ya Soja. Wale wa makaa wakija na lori yao wanachukua mbwa wa kulinda makaa huko mtoni. Mbwa mwenyewe lazima aje na kamba yake."

Niliamini kama ninavyoamini sasa kwamba simiti hukauka. Kuanzia usiku huo sikuwa nakula nikiangalia sahani, nilikuwa naangalia kamba. Baba alikuwa anasokota kidogo kila jioni, polepole, anatema mate kwenye kiganja, anasugua, anavuta. Kamba ikatoka kwenye kigoda ikafika mguu wa meza. Ikatoka mguu wa meza ikakaribia debe la maji. Nikajiwekea mwenyewe, kama watoto wanavyojiwekea mambo, kwamba ikifika mlangoni Soja amekwenda.

Kwa hivyo nilianza kumfunza.

Kwanza nilitumia jina. Soja! Soja! Soja! Kutoka asubuhi, mpaka jina likawa kama upepo, halina maana kwake wala kwa mtu mwingine. Njeri akaniambia, "Unaita kama kondakta aliyekosa watu. Hata mimi sasa sikusikii." Halafu nikajaribu fimbo. Fimbo ilimfunza jambo moja tu, urefu wa fimbo, na kuanzia hapo akawa anakaa mbele yake kidogo. Halafu nikajaribu ukarimu. Siku akikaa vizuri kwenye mwanya hata kwa muda mfupi, jioni nilimgawia ugali wangu nusu. Alikula, akanilamba, akatikisa mkia mpaka nyonga. Kesho yake akamfuata nyuki. Nililia nyuma ya ghala. Nililia kimya kimya, kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia kwamba mimi ni mtu mkubwa.

Kilichonisaidia kilikuwa ndege.

Kuna ndege mdogo wa kijivu kwetu, hana urembo wowote, anayewaonyesha watu mahali pa asali. Anakuja karibu nawe, anapiga kelele kama mtu anayetikisa kiberiti, anaruka mti wa mbele, anakungoja. Ukimfuata atakufikisha. Siku hiyo Baba alikuwa ameniita nimbebee moto wa kufukizia moshi, na huyo ndege akatupata njiani. Tulimfuata mpaka kwenye mti wenye shimo. Baba alifukiza, akatoa asali, akalamba vidole. Halafu kabla hata ya kufunika ndoo, alikata kipande cha sega kizuri, chenye watoto wa nyuki ndani, akakiweka juu ya jiwe palepale chini ya mti. Alikuwa anafanya hivyo siku zote, na baba yake alikuwa anafanya hivyo, lakini mimi ndiyo mara ya kwanza nilikiona kile kipande.

"Si ungemwekea nyumbani," nikasema. "Huku siafu watakula."

Baba aliangalia juu kwenye tawi, ndege alipokuwa amenyamaza anangoja. "Nyumbani yeye hana habari na nyumbani. Analipwa hapa, wakati anakumbuka amefanya nini. Ukimwambia ngoja, siku ingine atakupeleka kwa nyoka."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi Baba aliyowahi kuniambia kwa mara moja. Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba moto na nimebeba jambo lingine kubwa zaidi kichwani.

Nilipata kopo tupu la mafuta ya kujipaka, lile dogo lenye kifuniko. Mama alinipa ukoko wa ugali kutoka chini ya sufuria, ule wa hudhurungi unaovunjika kama kigae, na mafuta kidogo ya mbuzi. Niliupaka ukoko mafuta, nikauvunja vipande vidogo kama punje za ndengu. Harufu yake mpaka leo ninaweza kukuonyesha kwa mikono: moshi, chumvi, na kitu kama Krismasi. Ilikaa kwenye kaptura, kwenye blanketi, kwenye vitabu. Mwalimu alinihamisha dawati la nyuma akidhani naficha nyama mfukoni.

Sikuanzia kwenye mwanya. Hapo ndipo nilikuwa nakosea siku zote, kumpeleka mbwa wa habari mahali penye habari nyingi. Nilimpeleka nyuma ya ghala, ukutani, ambapo hakuna cha kuona isipokuwa udongo na mimi. Nikagonga kopo kwa ukucha wa kidole gumba, tak tak. Akaniangalia. Sikungoja afanye jambo lingine lolote. Kule kuniangalia ndiko nilikolipa, papo hapo, kabla macho hayajaondoka. Tak tak, macho, kipande. Tulifanya hivyo muda wa Mama kusugua sufuria moja tu, halafu tunaacha, yeye akiwa bado anataka. Kesho yake tena. Jina nililiacha lipumzike. Siku nilipoligusa tena lilikuwa limepona, nikiita Soja mara moja na kugonga kopo mara moja, kichwa kinageuka.

Kutoka ukutani tukahamia uani penye kuku. Akishindwa na kuku, hakuna matusi, tunarudi ukutani. Kutoka kuku tukahamia njiani. Huko ndiko kila kitu kiliharibika.

Yule ndege wa mdomo mwekundu alitua kwenye mgunga. Soja alimwona, lakini nilipogonga kopo aligeuka akaniangalia, na moyo wangu ukajaa. Alikuwa amemwacha ndege kwa ajili yangu! Ila wakati huohuo ndege alichukua kitu kirefu mdomoni, nikageuza macho nione ni nyoka au ni mjusi. Nilipogeuza macho, Soja akayafuata. Akaona nilichokuwa naangalia. Akaenda. Alikimbia mpaka upande wa pili wa mto mkavu, na kipande kikabaki mkononi kwangu kikiyeyuka.

Nilikaa chini kwenye jiwe. Mtoto hafikirii kama mtu mzima, anafikiri kama anayepapasa kitu kwenye giza. Nilipapasa mpaka nikashika. Yule mbwa hakuwa anaangalia uso wangu kwa uzuri wake. Alikuwa anaangalia macho yangu yameenda wapi, aende nayo. Na macho yangu, Mungu wangu, yalikuwa yanaenda kila mahali! Siafu, ndege, vumbi la gari huko barabarani, wingu lenye sura ya ng'ombe. Tulikuwa wawili tuliopotezana.

Kwa hivyo nikaanza kujifunza mimi. Ilikuwa kazi kuliko ya kubeba simiti, na simiti nimebeba. Nilikuwa nagonga kopo, nakaza macho kwenye paji la uso wa Soja, pale kati ya nyusi penye doa jeupe, na dunia yote inipite. Nzi anatambaa shingoni, acha atambae. Njeri anapita nyuma yangu akiimba kwa makusudi, "Mchungaji wa siafu, siafu wameenda," acha aimbe. Nikishinda mimi, Soja alishinda. Nikishindwa, alijua kabla yangu.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mlima. Kamba ikapita debe la maji. Jioni moja Baba aliinyoosha sakafuni kuipima, na ncha yake ikagusa kizingiti. Akafunga fundo, akaikunja, akaitundika ukutani. Usiku huo mvua ikanyesha kwenye mabati mpaka hatukuweza kuongea. Nilimtoa Soja kibarazani nikalala naye chini ya blanketi moja. Alinuka vibaya sana. Nilimwambia sikioni kwamba kama ni mtoni kwa watu wa makaa, tutaenda wote.

Siku chache baadaye, jua lilipochoma ile ardhi yenye maji, kumbikumbi wakatoka.

Kama hujakulia upande wetu huwezi kuelewa. Ardhi inafunguka vidonda vidogo na wale wadudu wanapanda kama moshi wenye mabawa, wamenona, wanaanguka, na kila mtu anatoka na beseni. Wanawake, watoto, kuku, paka, wote mbio. Soja alikuwa katikati yao mdomo wazi, anaruka, anageuka, mabawa yamemjaa mashavuni, mbwa mwenye furaha kuliko mbwa wote wa nchi hii. Na mbuzi, wakiwa wamenusa muguka mpya iliyochipuka nyuma ya ua, walikuwa wameanza kutembea kuelekea kwenye mwanya. Hawakimbii mbuzi wanapoenda kufanya ubaya. Wanatembea kwa heshima.

Mama Ireri alisimama upande wake na fimbo. "Baba Njeri! Zinakuja! Safari hii sitaki mwanambuzi, nataka mama yake!"

Baba akatoka nyumbani. Kamba ilikuwa begani.

Sikukimbilia mbuzi. Mpaka leo sijui nilipata wapi akili hiyo. Nilisimama mahali nilipokuwa, nikatoa kopo kiunoni, nikasema "Soja" mara moja, nikagonga.

Tak tak.

Alikuwa na kumbikumbi nusu mdomoni. Sikio lake lililosimama likageuka. Wengine wakapita mbele ya pua yake, wanono, karibu kabisa, na nikaona jinsi kichwa kilivyotaka kuwafuata. Wengine wakanitua mimi usoni. Mmoja akaingia sikioni akawa ananipigia ngoma humo ndani. Beseni langu lilikuwa miguuni na watoto wa watu walikuwa wanajaza yao. Nilitaka kumbikumbi, jamani, nilikuwa mtoto. Nilikaza macho kwenye lile doa jeupe mpaka yakatoa maji.

Soja akatema. Akaja moja kwa moja, mabawa yakimdondoka, akakaa mbele yangu, akaniangalia. Nikamlipa papo hapo, kipande kikubwa kuliko vyote. Ndipo nikageuza macho yangu kwenye mwanya, polepole, na macho yake yakaenda nayo, akaenda nayo yeye mwenyewe, akalala pale kwenye njia kichwa kikiwa juu ya miguu. Beberu alifika, akamwona, akajifanya alikuwa anatafuta nyasi.

Mama Ireri alishusha fimbo. "Baba Njeri, huyu ndiye yule wa kipepeo?"

Baba hakumjibu. Alinijia mpaka kivuli chake kikanifunika. "Leta kopo." Nikampa. Akafungua, akanusa, akachukua kipande kimoja akakifinya katikati ya vidole. "Mafuta ya mbuzi."

"Ndiyo, Baba."

Akanirudishia. Nikaona akigeuka aende, na kamba begani, nikashindwa kujizuia. "Utampeleka?"

"Nani?"

"Soja. Kwa watu wa makaa. Na hiyo kamba."

Baba aliishusha kamba akaiangalia kama amewekewa begani na mtu mwingine. "Watu gani wa makaa? Hii ilikuwa ya kuwafunga pamoja. Ncha hii yeye, ncha hii wewe, hapa kiunoni. Nilikuwa bado sijajua ni nani anampoteza mwenzake." Akaikunja tena. "Sasa haina kazi. Nitaning'inizia mzinga."

Akaenda kwenye mizinga yake. Ni hivyo tu. Nilingoja aseme neno lingine. Nilingoja tulipokula kumbikumbi waliokaangwa, nilingoja wakati wa sala, nilingoja asubuhi yake. Hakusema, na sisi tulizaliwa wakati ambapo baba hakuulizwa.

Soja alikufa kwa uzee nikiwa tayari Meru nabeba magunia, nikaambiwa baadaye kama habari ndogo. Na mimi, nikwambie ukweli, kila nilichonunua nilikipeleka Kiritiri kwanza. Lori ya kwanza niliiendesha mpaka uani kwa Baba kabla haijabeba hata mchanga. Aliizunguka, akapiga tairi teke, akauliza, "Inakula mafuta mengi?" Ya pili, vilevile. Picha ya nyumba yangu ya ghorofa aliiangalia kwa simu yangu, akaniuliza kama maji yanapanda mpaka juu. Nikawa najenga zaidi. Kuna watu husukumwa na njaa, mimi nilisukumwa na yule mzee na kimya chake.

Sasa turudi yadini. Huyu Soja wa mwisho alikuwa amenishinda. Mkokoteni ukipita, yuko nao. Karatasi ikipeperuka, yuko nayo. Nilimwita kijana mmoja wa Kiirua anayefunza mbwa wa mashamba makubwa, kijana mwenye adabu, akaja na filimbi na soseji. Soja aliangalia soseji, akaangalia pikipiki, akaenda na pikipiki. "Mzee," kijana akaniambia, "huyu masikio anayo. Shida ni macho. Mpaka macho yake yakae kwako, hakuna neno litaingia." Hata hivyo hakuweza kuyakamata. Nikampigia Njeri simu nikamwambia aje Jumamosi amchukue, kabla lori haijamkanyaga mbele yangu. Sikutaka kuona hiyo. Huyo mbwa ndicho kitu cha mwisho cha Baba chenye kupumua.

Ijumaa nilikuwa nimesimama langoni na kopo la misumari mkononi, nampimia fundi. Lori yangu mwenyewe ilikuwa inarudi nyuma, na Soja alikuwa ameona mfuko unapeperuka chini yake. Niliita. Niliita tena. Dereva hasikii, mbwa hasikii. Nilitaka kupiga kelele nyingine, lakini kidole changu gumba, bila kuniuliza mimi mwenye yadi, kikagonga kopo.

Tak tak.

Mbwa aliuacha mfuko. Alitoka chini ya lori, akapita katikati ya watu wote, akaja akakaa mbele yangu, akainua macho akaniangalia, ametulia kabisa, kama mtu aliyenisubiri siku nyingi nifike.

Nikatoa simu.

"Njeri, huyu mbwa alifundishwa na nani?"

"Na nani tena? Baba."

"Kwa kopo?"

"Kwani kuna njia ingine? Wote aliwafunza na kopo, tangu uende. Watu walikuwa wanamletea mbwa kutoka ng'ambo ya mto. Anawaambia, kaza macho hapa kwa paji, usiangalie kando, hivyo ndivyo kijana wangu wa Meru alifanya siku ya kumbikumbi. Hiyo hadithi tumeisikia mpaka tukachoka. Hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Mimi nilidhani unajua," akasema. "Basi kesho nije na pikapu saa ngapi?"

"Usije."

Nikaenda nyuma ya mabati nikakaa huko kidogo. Vumbi la simiti huumiza macho, uliza mtu yeyote wa ujenzi.

Nilipotoka, Soja alikuwa bado amekaa palepale, ananiangalia, anaangalia kopo, ananiangalia. Ndipo nikakumbuka. Alikuwa amefanya kazi na mimi nilikuwa nimemshikia misumari. Sikungoja jioni. Tulivuka barabara pamoja, lori na pikipiki zikipita huku na huku, na hakuangalia hata moja, kwa sababu mimi sikuangalia hata moja. Wa bucha akaniona, akashika kisu.

"Mzee, leo ni mguu ama ni mbavu?"

"Mafuta ya mbuzi. Kidogo tu."

"Mafuta? Wewe? Ya nini?"

"Kuna mtu nimekawia kumlipa."

Akapima. Nikakata kipande cha kwanza na kumpa Soja palepale kwenye kizingiti cha bucha. Kisha nikatoa noti ya mia, nikangoja kumi yangu irudi, kwa maana hivyo ndivyo nilivyotajirika. Shilingi tisini.